Parachuti la Watu Wawili

Simu iliita wakati Mama Meno ameshika bomba la kunyonya mate mkono huu na kikombe cha maji mkono ule, na mgonjwa ameachama kwenye kiti kama mlango wa ghala. Alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, na jina hilo alibandikwa na watoto wa mtaani kwake. Daktari alimwashiria kwa jicho apokee tu, maana ganzi ilikuwa bado haijashika.

Aliyepiga ni msimamizi wa kiwanda cha chupa. Alisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema kwamba ombi la likizo la mume wake hatimaye limekubaliwa na likizo inaanza Jumatatu.

Mume wake alikuwa amekufa mwaka uliopita, msimu wa mvua kubwa.

"Atapitia nyumbani kwanza, au ataondokea huko huko kazini?" Mama Meno aliuliza.

Msimamizi alisema lori la kiwanda litamshusha nyumbani Jumapili jioni, zamu ikiisha, kwa hiyo asihangaike. Mama Meno alishukuru, akarudisha simu kwenye mfuko wa aproni, akamwinamia mgonjwa. "Suuza," alimwambia. "Tema."

Likizo hiyo ilikuwa imesubiriwa kwa muda mrefu. Mume wake, ambaye wenzake kiwandani walimwita Joto, alikuwa fundi wa tanuri la kuyeyushia kioo. Tanuri la namna hiyo halizimwi. Likizimwa, kioo kinagandia ndani yake na tanuri zima linapasuka kama chungu kilichomwagiwa maji baridi. Basi usiku na mchana, msibani na kwenye sikukuu, lazima awepo mtu wa kuliangalia rangi yake. Kila mwaka Joto aliomba likizo, na kila mwaka msimamizi alimshika bega akamwambia mvumilivu hula mbivu. Mama Meno aliposimuliwa hayo alisema mbivu ikikaa sana huoza, lakini alisema jikoni kwake, ambako msimamizi hakuwepo.

Walichotaka kufanya kwenye likizo hiyo kilitoka kwenye kalenda ya kliniki. Mwezi mmojawapo ulikuwa na picha ya mwanamume na mwanamke wananing'inia chini ya parachuti la rangi nyingi, juu ya bahari, wakivutwa na boti, nao wanacheka meno yote nje. Mwaka ulipoisha daktari alitaka kuitupa. Mama Meno aliipeleka nyumbani, akaibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo. Ulikuwa utani, kisha utani ukaota mizizi. Jioni Joto akirudi, huku anakula, wangepanga. Yeye akae kushoto, kwa sababu sikio lake la kushoto lilikuwa limeharibiwa na ngurumo za tanuri na alitaka kumsikia mkewe. Mama Meno avue miwani ampe mtu wa botini, au aifunge na kamba shingoni? Avae suruali, hilo halikuwa na mjadala. Joto hakukubali kwamba anaogopa, ila kila mara alirudi kwenye kamba.

"Imefungwa na nani hiyo kamba?"

"Na mwenye boti."

"Na mwenye boti kalala vizuri?"

Mwaka mmoja walifika hadi mlangoni na mabegi. Mama Meno alikuwa amevaa kofia mpya ya ukindu. Lori la kiwanda likapiga honi nje, Joto akatoka kuongea nao, akarudi kubadilisha nguo. Mabegi yale yalikaa pale pale mpaka wakaanza kuyatumia kama viti vya kuvulia viatu.

Kisha moyo wa Joto ulisimama mbele ya tanuri. Wenzake walimvuta pembeni asiungue, na mtu mwingine akashika nafasi. Mazishini msimamizi alitoa hotuba fupi iliyowaliza hata wasiomjua marehemu. Alisema pengo la Joto halitazibika.

Jumapili jioni lori lilisimama, na Joto akashuka. Alijipangusa viatu mlangoni kwa muda, kama kawaida yake, akaingia. Alikuwa amevaa ovaroli ya kiwanda yenye vumbi la mchanga wa kioo. Mama Meno alimpokea kofia ya kazi, akamwangalia.

"Tulikuzika na suti."

"Ipo," Joto alisema. "Nimeitundika chumba cha kubadilishia nguo. Huwezi kukaa na suti mbele ya moto ule."

Ndivyo Mama Meno alivyopata habari. Alimvuta kiti, akamwuliza ameanza tena lini. Joto alieleza bila kuficha, akiwa amekalia ukingo wa kiti ili asikichafue. Siku ya mazishi, watu walipomaliza kufukia na kuanza kutawanyika, lori lilikuwa linasubiri barabarani, upande wa pili wa ukuta wa makaburi. Zamu ya jioni ilikuwa na nafasi. Alipanda, akawakuta na wengine mle, wa idara ya kuchanganya mchanga, na mzee mmoja wa bohari ambaye yeye Joto mwenyewe alibeba jeneza lake. Tangu siku hiyo alikuwa kazini.

Mama Meno aligeuza kifuniko cha sukari mkononi mara kadhaa. Kila Ijumaa baada ya kazi alikuwa akienda makaburini na chupa ya maji ya kumwagilia maua ya kaburi, anakaa, anamsimulia ya wiki nzima. Alimsimulia habari za daktari aliyejing'oa jino mwenyewe mbele ya kioo. Alimsimulia bomba la jikoni. Wiki nyingine alimwambia mambo ambayo mtu hamwambii aliye hai.

"Sasa nani alikuwa ananisikiliza?" aliuliza.

Joto alifikiri. "Labda wa kaburi la jirani. Yule mwalimu. Yeye alistaafu kabla hajafa."

Jumatatu walipanda basi la asubuhi kuelekea pwani. Joto alikaa dirishani. Kabla basi halijatoka mjini alikuwa ameshalala, kichwa kimeegemea kioo, na kioo hakikupata ukungu wa pumzi. Mama Meno alimfunika miguu kwa kanga yake. Alikuwa amebeba kila kitu, kofia, suruali, kamba ya miwani, hata ile picha ya kalenda, ameikunja mara nne, na njia nzima alijaribu kuona ni wakati gani mzuri wa kumwamsha ili waanze kupanga.

Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba vinavyotazama bahari, kila kimoja na kibaraza na viti vya plastiki. Mtu wa mapokezi aliuliza kama marehemu atahitaji taulo. Mama Meno akasema alete tu, taulo halikosi kazi. Chumbani Joto alikalia kitanda kuvua viatu, na godoro halikubonyea. Alisema atanyoosha mgongo kidogo.

Alinyoosha mgongo siku hiyo na siku iliyofuata. Alilala kama mtu aliyeangushwa, chali, mikono wazi, mdomo umefunguka kidogo, na Mama Meno kwa mazoea ya kazi aliona jino la nyuma ambalo alimwambia mara ngapi aje lizibwe. Alipofumbua macho alisema, "Bibie, nisamehe, kesho," na kesho akasema hivyo hivyo. Mama Meno alikaa kibarazani. Aliangalia watu wakipita ufukweni na watoto wao na vikapu vyao. Alikula peke yake, akaogelea mpaka maji ya kiuno akarudi. Mle chumbani alikuwemo mume wake, ambaye alimtamani mwaka mzima, naye alijikuta anafungua mlango polepole na kutembea kwa ncha za vidole kama mwizi, asimwamshe. Aliwaza kwamba mwaka ule wa ujane alikuwa na mtu wa kuongea naye zaidi ya sasa.

Ndipo akaamua kwenda kupanga mwenyewe. Kwenye gati dogo la mbao alimkuta mwenye boti, mwanamke mpana mwenye miwani nyeusi, ambaye watu wote walimwita Nahodha. Alikuwa anashona mkanda uliochanika kwa sindano nene. Mama Meno alimwambia anataka kuruka na mume wake, watu wawili pamoja, na akamtolea ile picha. Nahodha aliiangalia kwa heshima, akasema hao wamekaa vibaya, huyo mwanamume ameshika kamba mahali ambapo hapashikwi.

Alimweleza vizuri. Asubuhi ndiyo wakati, upepo wa baharini ukiwa umetulia. Mnakaa kwenye mikanda nyuma ya boti, boti inakimbia, parachuti linajaa, nanyi mnanyanyuka bila kuruka wala kusukumwa, kama mtu anayeinuka kitini. Kushuka, kamba inakunjwa na mashine taratibu. Kisha akauliza uzito wao.

Mama Meno alitaja wake. "Wa mume wangu siujui tena," alisema. "Amekufa. Akikaa kitandani, kitanda hakina habari."

Nahodha alikata uzi kwa meno. "Hakuna shida, nimewarusha wengi. Tutakuweka wewe upande wa upepo. Tatizo la wafu ni kwamba hawapigi kelele, basi huwezi kujua kama wamefurahi."

Walipatana asubuhi ya keshokutwa. Mama Meno alirudi chumbani amejaa habari, akamkuta Joto ameamka. Alikuwa amekaa kibarazani, ovaroli ameivua, amevaa shati la zamani la mapumziko ambalo mkewe alilipiga pasi. Alisema twende tukatembee.

Maji yalikuwa yamekupwa. Walitembea kwenye mchanga mgumu, nyayo za mtu mmoja zikibaki nyuma yao. Mama Meno alimweleza yote ya Nahodha, naye alisikiliza kwa sikio lake la kulia, ameinama kidogo, kama zamani jikoni.

"Kamba umeiona?" aliuliza.

"Nimeiona. Nene kama kidole gumba changu."

"Na huyo Nahodha analala?"

"Analala kukuzidi."

Joto alicheka. Kicheko hakikuwa na sauti kubwa, ila mabega yalitikisika, na Mama Meno akashika mkono wake, ambao ulikuwa wa baridi na mkavu kama chombo kilichooshwa jana. Mbele kidogo bahari ilikuwa imeacha chupa mchangani. Joto aliiokota, akaigeuza kuangalia alama ya kitako, akaiinua dhidi ya jua. Alisema ni ya kwao. Alisema ilitoka siku joto la tanuri liliposhuka, ndiyo maana ina kiputo shingoni, na mkewe akamwambia aiweke chini. Aliiweka chini. Baada ya hatua chache aligeuka kuitazama.

Mama Meno alisimama. Alisema kile ambacho alikuwa amekibeba tangu Jumapili.

"Usirudi, mzee. Wewe umekufa. Wakukamate kwa lipi?"

"Nilipokuwa hai sikuweza kukataa," Joto alisema. "Sasa nitakataa kwa sauti gani?"

"Utalala hapa. Utalala hata mwaka. Mimi nitakaa kibarazani."

Joto alimsogezea mkewe kofia ya ukindu, iliyokuwa imepigwa na upepo ikakaa upande. Jioni hiyo hakulala. Walikaa kwenye viti vya plastiki, magoti yamegusana, wakapanga upya tangu mwanzo, nani kushoto, miwani wapi, mpaka hakukuwa na kitu kilichobaki cha kupanga, na Mama Meno akaona kwamba hakuwahi kuwa na jioni nzuri kama hiyo, na kwamba ilikuwa inaisha.

Asubuhi ya kuruka bahari ilikuwa shwari. Nahodha aliwavalisha maboya ya kifuani, akawafunga mikanda, akavuta kila kifungo mara mbili. Joto alikuwa upande wa kushoto. Parachuti lilikuwa limelazwa nyuma ya boti, linapumua kidogo kwa upepo. Nahodha alikuwa anakwenda kuwasha injini, simu ya Mama Meno ikaita kwenye mfuko wa suruali.

Alikuwa msimamizi. Alisalimia, akauliza hali ya hewa huko. Kisha akasema wamepata dharura. Mtu aliyekuwa anamshikia Joto zamu ameacha kazi, amekwenda zake bila kuaga, na rangi ya tanuri si nzuri. Likizo iliyobaki itasogezwa mbele. Lori limeshatumwa, litapita barabara ya ufukweni muda si mrefu.

Mama Meno aligeuza uso baharini. "Mume wangu amekufa," alisema kwa sauti ya chini.

"Hilo tunalijua, mama, na pole sana," msimamizi alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli. "Lakini hajaacha kazi."

Mama Meno alikata simu, kisha akaizima kabisa.

"Nani?" Joto aliuliza.

"Daktari. Anauliza koleo dogo nimeliweka wapi."

Joto alimtazama. "Daktari anajua kwamba nimekufa," alisema. "Alikuja mazishini."

Alianza kufungua vifungo vyake. Vidole vilivyozoea vitu vya moto havikusumbuka na vifungo vya plastiki. Mama Meno alimshika mkono, akamwomba wazunguke mara moja tu, mzunguko mmoja mfupi, lori lisubiri, malori yana kazi gani nyingine. Joto alisema pale tanurini kuna watu wanaosimama karibu, na wengine wao bado wazima, wana watoto. Likipasuka hawatapata muda wa kukimbia. Alisema hayo kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa chakula. Mama Meno aliuachia mkono wake, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu watu wa kiwanda nao walijua kwamba ni kweli na ndiyo maana walipiga simu.

Joto alilivua boya, akalikunja, akaliweka kwenye ubao. Kisha alipiga goti mbele ya mkewe akakagua mikanda yake yote, mmoja mmoja, akakaza wa pajani. "Imefungwa vizuri," alisema. Alipanda gati akaenda kuchukua ovaroli.

Nahodha alikuwa amesimama, mkono kwenye usukani, anaangalia kwingine. Baadaye aliuliza kama akunje kila kitu.

"Twende," Mama Meno alisema.

Boti ilikimbia, parachuti likajaa, naye akanyanyuka, kweli kama mtu anayeinuka kitini. Mikanda ya upande wa kushoto ilipepea mitupu pembeni yake. Miguu yake iliachana na boti, boti ikawa ndogo kama kiatu, ngurumo ya injini ikabaki chini, na huko juu hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa kitambaa na upepo. Alikuwa amefikiria sana jambo hili kwa miaka, lakini hakuwahi kufikiria ukimya. Kwenye mipango yao yote kulikuwa na mtu anaongea.

Aliiona nyumba ya wageni, kibaraza, viti viwili. Aliiona barabara ya ufukweni. Joto alikuwa amesimama kando yake na ovaroli yake, mikono nyuma, upande wenye kivuli. Lori lilikuja likasimama. Nyuma yake walisimama watu wamebanana, wametulia, nao wakanyoosha mikono kumvuta, wakamtengea nafasi. Mama Meno alimwita. Aliita kwa nguvu zote za kifua chake, sauti ambayo hakujua kuwa anayo, na ndege aliyekuwa anapita chini yake akabadili njia. Joto alikuwa ameigeuzia bahari sikio la kushoto. Lori liliondoka.

Akiwa juu hivyo aliweza kuiona barabara hadi mbali. Nyuma ya lori lile lilikuja jingine, lenye nembo tofauti, na nyuma yake jingine, na mengine yalikuwa yanatoka kwenye njia za pembeni na kuungana nayo, yote yamejaa watu waliosimama kimya na nguo zao za kazi, wengine na kofia, wengine na mabuti ya mpira. Magari madogo ya watu waliokuja kupumzika yaliyapisha, kisha yakaendelea. Mama Meno aliyaangalia mpaka mashine ilipoanza kukunja kamba, na bahari ikaja taratibu kupokea miguu yake.

Nahodha alimfungua. Alimwuliza kama macho yanamwuma na upepo, akampa kitambaa. Mama Meno alisema ni upepo, akashukuru, akamwambia kazi yake ni nzuri.

Mchana chumba cha kulia kilikuwa kimejaa, akapewa meza ya pembeni. Mhudumu, mwanamke wa makamo mwenye viatu vilivyokatwa kisigino, aliweka sahani mbili, kwa kuwa chumba kile kilikuwa cha watu wawili, akangoja kidogo.

"Mwenzako anakuja, au nipunguze?"

"Ameitwa kazini."

Mhudumu aliinua sahani moja, akaifutafuta kwa ncha ya aproni ingawa ilikuwa safi. Alisema baba yake yuko bandarini, anapakua mizigo. Walimzika mwaka juzi. Tangu hapo hawajamwona, ila siku moja mtu wa ofisini aliwapigia kuuliza saizi yake ya mabuti.

"Likizo hawajampa?" Mama Meno aliuliza.

"Wapi. Wako wamempa hata siku hizi chache, mshukuru Mungu."

Mama Meno alisema anashukuru. Mhudumu alimpakulia, akamwongezea kijiko cha juu kwa sababu alikuwa peke yake, akaenda meza nyingine. Chakula kilikuwa cha moto. Mama Meno alikisubiri kipoe kidogo, kisha akala.